Ncha ya Pili ya Utando

Jumatatu, 4 Machi

Edilma,

Leo asubuhi nimelitoa lile donge lako kwenye kopo. Gumu kama jiwe, kwa baridi ya jikoni. Ukubwa wa kiazi cha kawaida. Nililiweka dirishani, ukungu ukapanda kutoka bondeni ukapita nyuma yake, na donge likawa na rangi ya mlima Galeras baada ya mvua, kisha rangi ya maji ya ziwani, kisha rangi nyingine ambayo sijui jina lake. Nilikaa hapo nikitazama mpaka kahawa ikapoa.

Ndilo donge la mwisho. Kijani hicho ulikichanganya wewe, na hukumwambia mtu ulitia nini. Parmenio anadai anajua. Kaka yako huyo aliwahi kudai anajua kutengeneza redio, na mpaka leo redio yetu inashika stesheni moja tu, ya Ekuador, inayotangaza bei za ng'ombe.

Mpango. Misa yako ya kutimiza mwaka tangu ututoke ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimetengeneza kisanduku cha mwerezi, cha kuwekea miwani yako na rozari. Nitakifunika chote kwa kijani chako. Kitakaa chini ya picha yako, mbele ya altare. Basi. Ndiyo kazi yote.

Shida ni moja. Utando huvutwa na watu wawili.

Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili yakae mbele yangu nisiyakwepe. Utomvu wa mopa-mopa, ukishatoka msituni na kusafishwa, unachemshwa mpaka ulainike kama kinyunya cha mkate. Mmoja anashika ncha moja kwa vidole na meno, mwingine ncha ya pili, wanarudi nyuma huku mikono ikipanuka, mpaka donge linakuwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unatandazwa juu ya mti ungali na joto, unakandamizwa kwa kiganja, nao unashika. Bila gundi, bila msumari.

Tulifanya hivyo maisha yetu yote ya ndoa. Uso kwa uso, midomo imejaa, hakuna anayeweza kusema neno. Mara ngapi tulianza kazi tukiwa tumenuniana, tukalazimika kutazamana mpaka utando upoe. Nyusi zako zilikuwa zinaniambia, inua kushoto. Nyusi zako zilikuwa zinaniambia mengi.

Parmenio alivuka barabara alasiri. Anasema naye anatengeneza sinia la kuweka chini ya picha yako. Padri ameshasema meza ni ndogo, kitu kimoja tu. Parmenio akatoa shauri lake: shemeji, wewe huna mtu wa ncha ya pili, nigawie nusu ya kijani, mimi nikushikie. Nikamwambia nina mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema ni wa siri. Akasema mipango yako yote ni ya siri, shemeji, hata wewe mwenyewe huambiwi.

Siwezi kusimama uso kwa uso na masharubu yale. Mahali pale palikuwa pako. Hilo halina mjadala.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mshika ncha. Mlango wa jikoni.

Mlango una sifa nyingi. Umesimama wima. Hausemi. Hauna masharubu. Nikapigilia ubao, nikapanga vibanio vya nguo kwenye ubao. Nikakata kipande cha donge, si lote, mimi si mtu wa kukurupuka. Nikachemsha, nikakanda, nikabana upande mmoja, upande mwingine nikauma. Nikaanza kurudi nyuma.

Edilma, ulifunguka. Mwanga wa dirisha ukapita ndani yake na ukuta wote ukawa kijani, sufuria zikawa kijani, mikono yangu ikawa kama mikono ya mtu aliye chini ya maji. Nilisikia ukimya ule wa zamani. Nikasimama nikitazama. Nilihisi kwamba nikitulia vya kutosha, upande wa pili patakuwa na mtu.

Na kweli pakawa na mtu. Doña Bertilda, jirani yetu mchoma simbilisi, alifungua mlango kuomba chumvi.

Mlango ule unafungukia nje, nilisahau. Utando ukaenda na mlango, ukarudi bila mlango, ukamkumbatia Doña Bertilda kuanzia kofia mpaka aproni. Alisimama humo kama zawadi ya harusi. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, Don Eudoro, kama ulitaka kunikumbatia ungesema tu, mimi ni mjane, ningefikiria.

Tuliubandua polepole. Umejaa manyoya ya sufu ya ruana yake, lile joho zito analojitanda mabegani. Utomvu ulioingia sufu hautakati tena, wewe ndiye uliyenifundisha. Nimeutia katika kopo la pili. Kutupa sikuweza.

Chumvi nilimpa.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Nimewaza vizuri zaidi. Mlango ulikuwa kosa kwa sababu mlango una mambo yake mengine. Kinachotakiwa ni uzito. Dunia yenyewe inavuta kila kitu kwenda chini, bure, bila kuombwa. Kwa nini isinivutie utando?

Nilikwenda Misa ya asubuhi kwanza. Padri mpya ana kidole gumba kizito. Alinichora msalaba wa majivu mkubwa kama kijiko. Nikatembea nao nyumbani kwa heshima.

Nikapanda juu ya kiti. Kipande cha pili cha donge, kimekandwa vizuri. Ncha ya chini nikaifunga kwenye ile pasi ya chuma ya mama yako. Ncha ya juu nikaiuma, nikainamisha kichwa, nikaiachia pasi taratibu. Ikashuka. Utando ukashuka nayo kama maporomoko ya maji unayoyaona kwa mbali, yale ambayo hayana sauti. Mwembamba, sawasawa, bila tundu. Nilitaka kupiga kelele lakini meno yalikuwa kazini.

Sufuria ilikuwa chini yangu, inachemka. Mvuke ukapanda usoni. Paji la uso likatoka jasho. Majivu yakaanza kushuka.

Kwanza sikujua ni nini. Nilidhani ni vivuli vya ndege. Nilipotambua, kijani chote kilikuwa na madoa ya kijivu, kuanzia juu mpaka chini, kwa utaratibu mzuri, kana kwamba Padri mwenyewe ameipitia kazi.

Nikautandaza juu ya kifuniko hivyo hivyo. Kila penye chembe ya jivu pakavimba, hapakushika. Parmenio alikuja na msalaba wake mdogo safi kwenye paji. Akakitazama kisanduku kwa muda mrefu. Akasema, pole shemeji, kimepata surua. Kisha akauliza kama sinia lake aanze kulisugua kabisa, au nina mpango mwingine wa siri.

Nilibandua. Kopo la pili limeongezeka. Donge lako sasa linaenea kwenye kiganja nikikunja vidole.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Sikufanya kitu.

Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa unatafuna kipande kidogo cha utomvu ukiwa unawaza rangi, ukitazama nje, na mtu akikuuliza jambo unanyoosha kidole kimoja, maana yake subiri. Ulikuwa unatafuna mpaka kinakuwa laini, halafu unakibandika kwenye kioo cha dirisha uone mwanga unasemaje. Kuna kimoja bado kiko pale, cha manjano, karibu na kitasa. Nilifuta kioo chote leo. Hicho nikakizunguka.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi.

Nilijiuliza: kwa nini nisimtafute mtu ambaye si Parmenio? Dunia ina watu wengi. Kwa mfano, Doña Bertilda. Hana masharubu ya kusumbua. Ana meno kama farasi wa polisi.

Nilimwendea baada ya Misa, kwenye jiko lake la mkaa. Alikuwa anazungusha simbilisi kwenye vijiti, ngozi zinapasuka pasuka. Akasema yuko tayari, lakini hafanyi kazi ya meno kabla ya kula, na haniruhusu nifanye kazi na mwanamke mjane nikiwa na njaa, watu watasema. Tukala. Simbilisi mzima mzima, na viazi, na mchuzi wa karanga wenye pilipili. Tulijilamba vidole kama watoto. Alinieleza habari za marehemu mumewe, ambaye alikuwa anaogopa kuku. Sikujua. Mtu unaishi naye mtaa mmoja miaka na hujui kwamba anaogopa kuku.

Kisha tukavuta. Edilma, mwanamke yule anavuta. Anachekea puani, lakini haachii. Nilichukua karibu donge lote, kwa sababu nafasi kama ile hairudi, na utando ukatoka mpana kama shuka la mtoto. Nilimtazama kidogo tu, kisha nikatazama dari. Ilikuwa dari nzuri.

Tukatandaza juu ya kisanduku, kifuniko na pande zote nne. Nikakandamiza kwa kiganja, nikakata kingo kwa kisu chako. Kiling'aa. Nikakiweka dirishani kuelekea karakana ya Parmenio. Nikakaa nyuma ya pazia.

Alivuka. Akainama. Akatazama kupitia kioo, pumzi yake ikafanya ukungu, akaufuta kwa mkono wa sweta akatazama tena.  Akarudi kwake akifuata ukuta.

Nililala mchana huo nikaota tuko wawili katika shamba la kijani, tunatembea kwa kurudi nyuma, kila mmoja akienda upande wake, na hatuachani.

Jumatatu, 11 Machi

Kimebanduka.

Asubuhi nilikuta pembe moja imeinuka. Nikaikandamiza, ikainuka nyingine. Nikashika zote kwa vidole, na katikati pakafanya tumbo. Mwisho nilivuta kidogo tu, nione, na utando wote ukatoka mikononi mwangu mzimamzima, kama nguo ya mtu anayekwenda kuoga.

Nilikaa chini.

Yaneth alinikuta hapo. Unakumbuka alivyokuwa anakuibia rangi. Sasa ni mwalimu wa kemia pale sekondari, na huwezi kuamini kwamba Parmenio ndiye baba yake, kwa kuwa anasikiliza kabla ya kujibu. Alishika utando, akaunusa. Akauliza, mjomba, mlikula nini kabla ya kazi?

Nikamwambia.

Akafumba macho kidogo. Kisha akanieleza, na mimi nilielewa karibu yote. Utomvu ule ni polima, anasema, yaani nyuzi ndefu ajabu, nyembamba kiasi ambacho hakuna jicho la kuziona. Ukiwa wa moto nyuzi zinalegea. Zinalala juu ya mti. Uzi unashika hapa, unaachia kitanzi kidogo hewani, unashika tena pale, na pale, na pale. Kila mahali unaposhika ni padogo mno, hapana nguvu ya kitu. Ila ni pengi. Ndiyo maana vanishi yetu ya hapa Pasto haitaki gundi, na ndiyo maana inang'aa na haipasuki ukipinda mti.

Nikauliza, sasa ya kwangu imekuwaje. Akasema, mafuta, mjomba. Mafuta ya simbilisi yalikuwa vidoleni mwenu, kwenye midomo yenu, mmeyapaka utandoni na kwenye mti. Mafuta ni madogo na mepesi, yanawahi. Ni kama wale akina mama wa Misa ya pili wanaotangulia na kuweka mikoba kwenye viti vyote. Nyuzi zako zimefika, zimekuta kila nafasi ina mkoba.

Nikauliza kama haziwezi kuomba zisogezewe. Akacheka. Akasema paka mti pombe kali, sugua, na wenyewe mnawe mikono na midomo sawasawa.

Utando wenyewe umelowa mafuta, hauna dawa. Kopo la pili sasa limejaa kuliko la kwanza. Katika la kwanza kimebaki kipande kama kokwa la parachichi.

Akiwa mlangoni Yaneth alisema, baba atakuja ukimwita. Nikamwambia sina sauti siku hizi, ni baridi. Akasema, mjomba, baba yuko ng'ambo ya barabara tu, ukikohoa anasikia.

Jumatano, 13 Machi

Nimefuata sayansi. Nilinunua chupa ya pombe ya miwa. Nikasugua kisanduku pande zote mpaka mti ukawa mkavu na mweupe kama mfupa. Kisha nikakumbuka alisema na midomo. Nikasugua midomo. Sayansi ikishaanza huwezi kuikatisha katikati. Nikasugua na koo.

Jambo la kushangaza ni jinsi jikoni palivyokuwa pazuri. Kila kitu kilikuwa kimesimama mahali pake na kunitazama kwa huruma. Nilikieleza kisanduku habari za nyuzi. Nilikiambia kuhusu ile safari yetu ya ziwani, ulipovaa viatu vyangu kwa sababu vyako vilikuwa vipya na hukutaka vilowe, na ukalowesha vyangu.

Niliamka nikiwa nimelalia meza, kifuniko cha kisanduku chini ya shavu kama mto. Kijani sikukigusa. Hilo nalihesabu kuwa busara.

Nimesugua mti upya, kwa ajili ya shavu.

Ijumaa, 15 Machi

Misa ni kesho. Kokwa la parachichi liko mezani.

Nilifikiri sana. Nikaona kwamba kumwita Parmenio ni jambo moja, na Parmenio kuja mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Nikafungua dirisha la mbele, nikakohoa. Nilikohoa vizuri, kwa hisia. Baada ya muda akavuka na maji ya moto ya limao na sukari guru. Akasema shemeji, kifua hicho kinatisha wateja wangu.

Nikanywa. Kisha nikasema, kama mtu anayepitisha wakati, kwamba nasikia watu wanasema wewe siku hizi huwezi kuvuta. Akauliza watu gani. Nikasema watu tu. Wanasema umri, na meno.

Nilitegemea angefoka. Alivua kofia akaiweka juu ya goti. Akatazama kile kipande cha kijani muda mrefu. Akasema, haya, chemsha maji.

Basi tukasimama, mimi upande wangu, yeye mahali pako. Mikono tumenawa kwa pombe, midomo tumesukutua. Niliamua kutazama kitufe cha sweta yake. Tukauma. Tukaanza kurudi nyuma. Utando ukafunguka vizuri, mpole, na nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba hata Parmenio ana faida yake, ndipo nikasikia kitu kama kizibo cha chupa.

Meno yake ya juu yalibaki kwenye utando. Yote, kwa mpangilio. Yeye alikuwa amekwenda nyuma, na meno yakabaki yananing'inia katikati yetu, katika kijani chako, yakitabasamu.

Hakuna aliyesogea. Parmenio alijiziba mdomo kwa mkono mmoja, lakini ncha hakuiachia. Hilo nililiona. Hakuiachia.

Tulishusha kila kitu mezani. Akasema kwa sauti ya kitoto kidogo kwamba Yaneth hajui. Ni tangu mwaka juzi. Nikamwambia sitamwambia mtu. Nakuambia wewe, na nadhani ulijua. Nikamwuliza, na sinia? Akasema, sinia gani, shemeji. Nitalivuta na nani, na kwa nini? Nilitaka kushika kijani chake mara moja tu, kabla hakijaisha. Ningekuomba ungekataa.

Ningekataa. Nikachukua kisu chako.

Tulikata sehemu iliyokuwa na meno. Tukayachemsha, akayaweka mfukoni. Kilichobaki safi tukakirudisha kwenye maji ya moto. Kikakandika kikawa kama yai la njiwa. Hakitoshi kisanduku. Labda kifuniko. Parmenio akasema atashika kwa midomo na vidole, alivyofundishwa na baba yenu siku za mwanzo, kabla hajaota meno ya kazi.

Tukavuta mara ya mwisho. Polepole sana. Kilipoanza kuwa chembamba nikainua macho bila kukusudia, nikakipita kitufe, na nikamwona kupitia utando. Hakuwa na masharubu. Hakuwa na umri. Alikuwa mtu wa kijani aliyesimama mbali katika ukungu, mabega yamepanda kidogo, amenyamaza, ananivutia ncha ya pili. Angeweza kuwa mtu yeyote wa nyumba yenu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mimi pia sikuwa nao.

Nyusi zake zikapanda. Inua kushoto.

Nikainua.

Tumetandaza kwenye kifuniko. Yeye kiganja chake, mimi changu, mpaka pakapoa. Unywele mmoja wa sharubu umebaki chini ya utando kwenye pembe. Tulijaribu kuutoa kwa sindano, tukaacha.

Jumamosi, 16 Machi

Misa yako imepita vizuri. Kisanduku kilikuwa chini ya picha. Kifuniko kijani, pande zake mti mtupu, kama mtu aliyevaa kofia nzuri na kusahau shati. Lakini mishumaa ilipowashwa hakuna aliyetazama pande. Nilimwona Padri anainama anatazama, halafu anatazama picha yako, halafu anatazama tena kifuniko.

Doña Bertilda alilia kwa sauti, akaleta chakula cha watu wote.

Nje uani Parmenio, meno yote yakiwa kazini, alikuwa anawaeleza watu jinsi tulivyovuta. Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba mimi nilikuwa nimeshika tu, na yeye ndiye aliyevuta.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri.

Parmenio alivuka leo asubuhi kuomba kisanduku kikae kwake mwezi huu. Anasema nusu ya mvuto ni yake, kwa hiyo nusu ya kifuniko. Alisema kwa upole, ndiyo maana nimekasirika.

Mpango ni huu. Nauinua utando kutoka kwenye kifuniko, naupasha moto, naukanda, nauvuta upya peke yangu. Hapo hakuna atakayedai nusu. Na nikiuvuta mwembamba zaidi, labda utafika hata pande zote nne.

Nilijaribu kwa ukucha. Haukuinuka. Nilijaribu kwa ncha ya kisu chako, kwenye pembe, taratibu. Ncha ya kisu ndiyo iliyojikunja. Nikaweka kitambaa cha maji ya vuguvugu, nikasubiri, nikajaribu tena. Kijani kikang'aa zaidi, basi.

Yaneth alipita akitoka shule. Akauliza ninakifanyia nini kisanduku. Nikasema nakisafisha. Akanywa kahawa huku akitazama kitambaa, kisu na uso wangu. Nikamwuliza, kama mtu anayependa elimu, iwapo kitu kilichoshika hivi kinaweza kuachia chenyewe. Akasema uzi mmoja una mahali pengi mno pa kushika. Mahali pamoja panaweza kuachia, hutokea kila wakati, lakini pengine pote pamebaki pameshika, kwa hiyo panarudi. Ili ubanduke ni lazima pote paachie kwa dakika ileile, na hapaachii. Maji yanapita juu, miaka inapita juu, wenyewe uko tu.

Nikamwuliza, hata kama mmoja wa waliouvuta hayupo.

Aliweka kikombe chini. Akasema, mjomba, polima haijui nani yupo.

Alipoondoka nilipitisha kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa na joto kidogo, la kitambaa. Nikakiacha kiganja hapo mpaka kikapoa.

Sasa nimepata jawabu. Kisu kilikuwa baridi, ndiyo shida. Kesho nitatumia kijiko cha moto. Na kwa ncha ya pili nimeona baiskeli ya Doña Bertilda, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mkaa. Nikifunga utando nyuma na yeye akaondoka polepole sana, bila kuambiwa kwa nini, kazi itakuwa yangu peke yangu. Nimemwambia tu aje mapema, ameshanawa mikono. Parmenio nimemwambia kisanduku kimekwenda kutengenezwa bawaba.

Mvua imeanza tena. Naandika karibu na dirisha na kijani kiko mbele yangu. Mimi nipo, Edilma. Unikumbuke.